Kilatini cha Mpika Uji

Ipo nchi moja, na si hii, kwa hiyo msomaji usigeuke kutazama nani amesimama nyuma yako. Nchi hiyo haimo kwenye ramani, maana siku ramani ilipochorwa wajumbe wake walikuwa kwenye semina ya umuhimu wa ramani. Ni nchi nzuri. Ina milima, ina mito, ina wizara nyingi kuliko mito, na wananchi wake ni hodari wa kupiga makofi. Hupiga kwanza, halafu ndipo huulizana aliyepita ni nani.

Mtawala wa nchi hiyo, Mtukufu Mlezi, alikwenda ng'ambo kutibiwa kikohozi. Wenyeji wakamtembeza kwenye bustani kubwa, na humo akaona ajabu: kila mti ulikuwa na kibao kidogo shingoni, kimeandikwa maneno asiyoyajua.

"Huu mti umefanya kosa gani?" akauliza.

"Hakuna kosa, Mtukufu. Hilo ni jina lake la Kilatini."

Mtukufu akautazama mti, na mti ukamtazama. Aliporudi nyumbani kikohozi kilikuwa kimepona, ila alikuwa na jambo kifuani. Akalihutubia taifa. "Ndugu zangu," alisema, "nimetoka mahali ambapo hata mti umesoma. Sisi miti yetu imesimama tu. Kuanzia sasa kila shule ya msingi itafundisha Kilatini, na asiyejua Kilatini hatamaliza darasa la saba."

Wananchi wakapiga makofi. Mzee mmoja akamwuliza jirani yake hicho Kilatini ni dawa ya nini, na jirani akamjibu kwamba ni ya miti.

Mwalimu wa Kilatini hakuwepo hata mmoja katika nchi nzima, lakini hilo halikumsumbua mtu. Nchi ile ilikuwa na Mkurugenzi wa Reli na haikuwa na reli, na mkurugenzi huyo alikuwa hajawahi kuchelewa kazini.

*

Katika Shule ya Msingi Mkunguni kulikuwa na mpika uji aliyeitwa Skolastika. Aliacha masomo akiwa darasa la tano, mwaka mama yake alipoanguka na kupooza upande mmoja, na tangu hapo shule kwake ikawa ni kuni, mwiko na sufuria. Alikuwa msichana mwenye haya kupita kiasi. Akikutana na kuku njiani, yeye ndiye aliyepisha. Akiitwa kwa jina, hugeuka nyuma kuangalia kama yupo Skolastika mwingine mwenye haki zaidi ya kuitwa. Naye alijijua, na alijicheka.

"Mama, siku nikifa," alisema wakati mmoja akimnywesha mama yake uji, "nitaomba radhi kwa wachimba kaburi, niwaambie endeleeni na shughuli zenu, mimi nitajisogeza."

"Na utajisogeza kweli, nakujua," mama yake akamjibu kwa mdomo ule wa upande mmoja.

Lakini chini ya haya hiyo kulikuwa na jambo moja alilolitamani kama mwenye kiu anavyotamani maji. Alitaka kurudi darasani. Kila siku wenzake waligawa sehemu ubaoni, yeye aligawa uji dirishani, na sauti za darasa zilimfikia zikiwa zimechanganyika na moshi. Alikuwa ametafuta ujasiri wa kumwomba Mwalimu Mkuu tangu mvua za masika hadi za vuli, na alipoupata aliomba kwa sauti ndogo mno hata Mwalimu Mkuu akadhani anaomba chumvi. Alipoelewa, alicheka kwa wema.

"Muhula ujao ingia darasa la sita, ukae nyuma," Mwalimu Mkuu Ndimangwa alisema. "Ila fanya haraka, Skola. Mwakani utakuwa umevuka umri, na sheria haitakupokea tena hata ukija umebebwa mgongoni."

Skolastika akashona sketi ya bluu. Aliitundika ukutani mkabala na kitanda, na asubuhi aliiamkia kabla hajamwamkia mama yake.

*

Agizo la Kilatini lilipofika Mkunguni, Mwalimu Mkuu aliitisha kikao. Sasa vikao vya nchi ile vina desturi moja ya kale: kazi isiyotakiwa hupewa mtu ambaye hayupo. Aliye mbele za watu ataombwaje kubeba mzigo, wakati anaweza kukataa? Asiyekuwepo hakatai. Ndivyo walivyopatikana makatibu wote, wahasibu wote, na inasemekana hata waziri mmoja au wawili.

Walimu waliijua desturi hiyo, kwa hiyo siku ile walihudhuria wote. Mwalimu wa sayansi alikuja na malaria, amejifunika blanketi, meno yanagongana. Mwalimu Tupokigwe wa hisabati, aliyekuwa kwenye likizo ya uzazi, alikuja na mtoto mchanga akamnyonyesha palepale. Mwalimu Mkuu alitazama viti, akatazama madirisha, akakosa.

"Hivi kweli hakuna asiyekuwepo?" akauliza kwa masikitiko.

"Skola hayupo," Tupokigwe akasema. "Amekwenda mashineni kusaga mahindi."

"Skola si mwalimu."

"Lakini hayupo," wakasema wote kwa pamoja, na hoja hiyo ilikuwa nzito.

"Halafu kumbukeni anavyoimba akikoroga uji," akaongeza yule wa blanketi. "Ule wimbo wa kanisani. Mimi niliambiwa ni Kilatini kitupu."

Ni kweli aliimba. Ulikuwa wimbo wa bibi yake, aliyekuwa mwanakwaya enzi zile padri alipowapa waumini mgongo na kusali Kilatini. Bibi mwenyewe hakujua maana yake hata neno moja. Alisema Mungu anaijua, yatosha.

Skolastika akarudi kutoka mashineni na gunia kichwani, unga mpaka kwenye nyusi. Walimu walikuwa wamejipanga mlangoni.

"Hongera, Mwalimu," wakamwambia.

Skolastika akageuka nyuma kumtazama huyo mwalimu. Hakukuwa na mtu, ila mbuzi wa jirani, na mbuzi naye alionekana kushangaa.

*

"Mwalimu Mkuu, mimi darasa la sita naingia lini?" aliuliza alipokwisha kuelezwa.

"Hapo ndipo shida ilipo, mwanangu. Mwalimu haruhusiwi kuwa mwanafunzi. Sheria inakataza kabisa."

"Kwa nini?"

"Mwalimu akionekana anajifunza, watu watasema kumbe alikuwa hajui."

"Mimi sijui kweli."

"Sasa unataka watu waambiwe?"

Skolastika akatazama vidole vyake vya miguu, ambavyo kwa miaka mingi vilikuwa ndivyo washauri wake. "Basi nifukuze kazi, Mwalimu Mkuu, nikae darasani."

"Nikufukuze kwa kosa gani?"

"Kwamba siijui kazi."

Mwalimu Mkuu Ndimangwa akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Hakuwa mtu mbaya. "Skola," alisema polepole, "hilo halijawahi kuwa kosa. Nikianza na wewe, nitaishia na nani?"

Njiani kurudi nyumbani msichana alijicheka peke yake, kwa sababu kulia kungehitaji watu wa kumbembeleza, na yeye asingependa kuwasumbua. Huko nyuma aliikosa shule, akabaki na elimu kidogo mno. Sasa ananyimwa kwa kuwa anayo nyingi mno.

*

Siku ya kwanza aliingia darasani kwa mgongo, kama mtu anayetoka, ili akifukuzwa isiwe shida kugeuka.

"Shikamoo, mwalimu," darasa likanguruma.

"Marahaba. Samahani. Kaeni." Akaiambia sakafu: "Watoto, mimi sijui Kilatini."

Watoto wakainama, wakaandika kwenye madaftari yao: *Mimi sijui Kilatini.* Binti mmoja wa dawati la mbele, Tumsifu, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, hiyo uliyosema ni Kilatini?"

"Hapana. Hiyo ni kweli."

Tumsifu akaifuta.

Hakukuwa na kitabu, wala hakukuwa na mtu wa kumwuliza. Kwa kuwa kengele ilikuwa mbali bado, Skolastika akawaimbia wimbo wa bibi yake. Aliufahamu mpaka katikati tu. Baada ya hapo bibi alikuwa akisinzia. Watoto wakaupenda, na zaidi walipenda namna maneno yalivyoishia. Kabla ya wiki kwisha, shule nzima ilikuwa inasema Kilatini. Chaki ikawa chakius. Maharage yakawa maharagum. Mtoto akibanwa, anaomba ruhusa kwenda chooum, na akichapwa fimbo analia kwa lugha hiyohiyo. Mwalimu Tupokigwe alimkuta mtoto wake wa kwanza akimwita paka pakaus, akaja mbio jikoni.

"Shoga, unafundisha nini?"

"Sifundishi. Wanaokota wenyewe."

"Utatuletea aibu."

"Mungu akusikie, dada," Skolastika akasema, na uso wake ukang'aa kwa mara ya kwanza tangu apandishwe cheo. Aibu ndiyo aliyokuwa akiiombea. Mkaguzi angekuja, angesikia upuuzi huo kwa masikio yake, angemtimua palepale, na sketi ya bluu ingeshuka ukutani.

*

Mkaguzi akaja. Aliitwa Bwana Kapungu, mtu mnene wa suti ya kaunda, ambaye wizara ilimpa cheo cha Mkaguzi Mkuu wa Kilatini kwa kuwa zamani aliwahi kufanya kazi katika duka la dawa. Alikaa nyuma ya darasa, akakunja mikono, akasikiliza. Watoto wakaimba nusu ya wimbo. Kisha Tumsifu akasimama na kueleza kwamba babaus amekwenda shambum kulima mihogus.

Bwana Kapungu akafumba macho. Skolastika akayafumba ya kwake pia, akingoja radi.

"Lafudhi," Bwana Kapungu akasema. "Nimekagua Kilatini wilaya nzima, lakini lafudhi nimeikuta hapa. Kwingine wananong'ona."

"Bwana Mkaguzi, hicho si Kilatini," Skolastika akasema. Alishangaa mwenyewe kusikia sauti yake imetoka nje.

"Mwalimu, usijishushe."

"Mimi ni mpika uji. Nimeishia darasa la tano."

"Mnasikia watoto?" Bwana Kapungu akaligeukia darasa. "Huo ndio unyenyekevu wa msomi. Mjinga angesema anajua."

Skolastika alikuwa amejiandaa hata kwa hilo. Akatoa matokeo ya jaribio alilolitunga. "Tazama, wote wamepata sifuri. Hata mimi niliufanya mtihani huo, nikapata sifuri."

Bwana Kapungu akayaangalia matokeo kwa muda mrefu. Halafu akapata la kusema, akatabasamu kama aliyetua mzigo. "Warumi hawakuwa na sifuri," alisema. "Nilisoma kwenye kalenda. Kwa hiyo hapa hakuna aliyefeli."

Akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili. Siku ya Kilatini Kitaifa, akatangaza, itafanyika Mkunguni. Waziri mwenyewe atakuja, na atafunga rasmi uandikishaji wa wanafunzi wa darasa la sita watakaoendelea mpaka mtihani wa mwisho. Risala itasomwa na mwalimu wa somo.

Watoto wakapiga makofi. Skolastika alikuwa amesikia sentensi moja tu. Waziri akiufunga uandikishaji ule, umefungwa, na mwakani yeye atakuwa amevuka umri.

*

Maandalizi yakaanza. Mwalimu Mkuu aliamuru kila mti wa shule upate kibao, na mafundi wakapaka rangi usiku na mchana. Mwarobaini ukawa Mwarobainus. Mfenesi ukawa Mfenesum. Mti mmoja ambao hakuna aliyeujua jina hata la Kiswahili ulikatwa, usije ukaulizwa. Mnazi wa karibu na lango ulikataa msumari, wakaufunga kibao kwa kamba, ukaonekana kama mtuhumiwa.

Risala ikaandikwa ofisini na kupelekwa wilayani ikasafishwe. Kwa kawaida risala huwa na mafanikio mwanzoni na changamoto mwishoni. Hii ilirudi ikiwa na mafanikio mwanzoni na mafanikio mwishoni. Penye changamoto waliandika: Hatuna.

"Soma ilivyo, mwanangu," Mwalimu Mkuu akamsihi Skolastika. "Usiongeze, usipunguze. Ukimaliza, inama, urudi nyuma. Wewe si unapenda kurudi nyuma?"

"Napenda sana," akakiri.

Mama yake ndiye aliyemwuliza asubuhi ya siku hiyo, "Na sketi je?"

"Imetulia ukutani."

"Sikuulizii ukuta."

Skolastika alimfunga mama yake kanga vizuri, akatoka, akarudi kutoka mlangoni, akaichukua ile sketi na kuivaa, pamoja na blauzi, chini ya gauni lake la ualimu. Alijiambia ni kwa sababu ya baridi. Jua lilikuwa linawaka.

*

Waziri alikuja na msafara mrefu hata gari la mwisho lilifika wakati hotuba ya kwanza imekwisha. Alikuwa Mheshimiwa Daktari Injinia Wakili, na jina lake halisi lilikuwa limesahaulika huko nyuma ya vyeo. Akakagua miti. Akaipongeza miti. Akakaa chini ya turubai, na Skolastika akaitwa kwenye kipaza sauti.

Alisoma mafanikio. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini kipaza sauti hakijui haya, na kila alichokinong'ona kilivuma mpaka barabarani. Alifika pale palipoandikwa Hatuna. Akasimama. Mwalimu Mkuu akamwashiria kwa kidole: inama, rudi nyuma.

"Mheshimiwa," Skolastika akasema, "changamoto tunayo moja. Hatuna mwalimu wa Kilatini."

Watu wakacheka, wakidhani ni utani wa kisomi. Waziri naye akacheka, kisha akauliza, "Wewe ni nani, binti?"

"Mimi ndiye mwalimu wa Kilatini."

"Basi yupo."

"Yupo, Mheshimiwa, lakini hajui."

"Hajui nini?"

"Kilatini."

"Nani amekwambia hujui?"

"Hakuna aliyeniambia. Nimejiona mwenyewe."

"Umejionaje?" Waziri akainama mbele. Alianza kuufurahia mchezo. "Mtu asiyejua Kilatini atajuaje kama hiki si Kilatini? Ni lazima awe anakijua. Kwa hiyo unajua. Keti, mwalimu."

Makofi yakapigwa. Bwana Kapungu alipiga kwa nguvu kuliko wote, maana ile hoja ilikuwa imemwokoa na yeye. Kwa mtu mwenye haya kama Skolastika ilikuwa rahisi sana kuketi. Kiti kilikuwa pale, hatua chache, na maisha yake yote alikuwa akitafuta kiti cha nyuma. Lakini kile hakikuwa kiti cha nyuma alichoahidiwa.

"Nitaketi, Mheshimiwa," akasema, na machozi yakawa yanamshuka bila kuomba ruhusa. "Naomba tu niketi darasa la sita. Na mbele yangu, naomba serikali itutafutie mtu anayejua. Hata wa kujua kidogo. Angetangulia yeye kuja, halafu ndiyo somo lije."

Kicheko kikakatika. Waziri akasimama.

"Anayeomba mwalimu anasema mwalimu hayupo," akasema taratibu, akihesabu hoja vidoleni. "Anayesema mwalimu hayupo anasema somo limemtangulia mwalimu. Na anayesema somo limemtangulia mwalimu, anasema kwamba aliyelitangaza somo…"

Hakuimaliza. Hapakuwa na haja. Waliokuwa karibu na Skolastika walikwisha sogea, na mwenye kipaza sauti alikiacha kikaning'inia. Kutojua, nchi ile ilikuwa imekuzoea, ina nafasi zake na mishahara yake. Kuomba mtu anayejua lilikuwa jambo jipya, na halikuwa na pa kuwekwa.

"Kuanzia sasa hivi huyu si mwalimu," Waziri akatamka. "Si wa Kilatini, si wa chochote."

"Asante, Mheshimiwa," Skolastika akasema.

Waziri hakuwa amewahi kushukuriwa kwa kumfukuza mtu. Akatazama wasaidizi wake, kama kuna kitu amekitoa bila kujua. Wakati bado anatazama, Skolastika alivua gauni lake la ualimu mbele ya taifa zima, akalikunja vizuri, akalikabidhi kwa Mwalimu Mkuu, akavuka uwanja kwa sketi ya bluu na blauzi, akajipanga kwenye mstari wa darasa la sita, nyuma ya Tumsifu. Mwalimu Mkuu alikuwa na orodha mkononi. Kwa mara ya kwanza katika utumishi wake aliandika jambo kabla ya kuuliza. Halafu akampelekea Waziri orodha, na Waziri, mwenye haraka ya kuondoka mahali pale, akaifunga.

*

Ilibaki kupata mwalimu mpya. Waziri alipokuwa akipanda gari aliuliza ni nani aliyelisifu somo la Mkunguni kiasi hicho mpaka likaletewa msafara. Akaonyeshwa Bwana Kapungu. "Basi alifundishe," akasema, na mlango ukafungwa.

Jumatatu Bwana Kapungu aliingia darasa la sita akiwa na suti ileile ya kaunda. Skolastika alikuwa ameketi dawati la mwisho, magoti yamegusa ubao wa juu kwa urefu wake, na watoto walikuwa wamekwisha mpa jina la Bibi Mwanafunzi, akalipokea. Bwana Kapungu aliandika ubaoni neno KILATINI. Akalipigia mstari. Akaurudia mstari. Akalieleza darasa kwamba Kilatini ni lugha muhimu, na kwamba umuhimu wake ni mkubwa, na kwamba ukubwa wa umuhimu huo hauna kifani. Chaki ikamwishia mkononi.

"Nani hajaelewa?" akauliza, kama wanavyouliza wakaguzi, yaani bila kungoja.

Kule nyuma mkono ukainuka.

"Mimi, mwalimu," Skolastika akasema. "Sijaelewa hata kidogo."

Bwana Kapungu akamtazama. Akatazama mlango. Akatazama dirisha, ambako Mfenesum ulikuwa umesimama na kibao chake. Kisha akashuka polepole katikati ya madawati, mpaka la mwisho, akasimama hapo akipangusa vidole vyenye chaki.

"Hapo pana mtu?" akauliza kwa sauti ya chini.

Skolastika akasogea.